Mdogo wangu anataka kusoma tiba ya usemi na usikivu, baba anasema kozi haina kazi. Wana Tanga mnasemaje?

#1 BintiChumbageni

Wakuu, salaam.

Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, PCB, na matokeo yake yanaruhusu kozi nyingi za afya. Anataka kuomba MUHAS, chuo cha afya cha Muhimbili, shahada ya kwanza ya odiolojia (mambo ya usikivu) na tiba ya usemi. Baba hataki kusikia. Kwake yeye, mtoto aliyehangaika na fizikia na kemia hawezi kwenda chuo kujifunza kufundisha watu kuongea, wakati watu wanaongea tangu wakiwa na meno mawili. Mjomba naye akamwagia petroli: "Nitajie hospitali moja hapa Tanga uliyomwona mtu wa cheo hicho."

Mimi nasema wazee wangu wanakosea, na kwa mkoa wetu binti huyu atafaa kuliko akiwa daktari mwingine wa kawaida. Bibi yetu yuko Makorora, alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Mguu umerudi, anatembea na fimbo. Mkono unashika kikombe. Maneno ndiyo hayakurudi. Anajua anachotaka, unakiona machoni, anaanza "ile... ile..." mpaka anakasirika. Kila tuliyemuuliza nani anatibu maneno alituambia twende Dar. Halafu kwenye maulidi ya juzi, akina mama walipoanza qasida, bibi akadakia na kwenda nayo mpaka mwisho, neno kwa neno. Watu walilia. Kesho yake kikombe hawezi kukitaja.

Aliyesoma au anayesoma kozi hii aniambie darasani wanafundishwa nini hasa, na akimaliza anakwenda wapi. Na mwenye kuweza kunieleza lile la qasida, anieleze.

#2 Kange_Stendi

Nimekaa mstari wa mbele. Waje wenye elimu yao.

#3 MzeeWaRaskazone

Binti, msimvunjie baba heshima, ana hoja. Afrika Mashariki nzima hakuna chuo kinachotoa shahada hiyo. Watu wanakwenda India. Kule Mysore kuna taasisi ya serikali ya usemi na usikivu tangu 1965, mtoto wa rafiki yangu alipita hapo. Binti asome udaktari, hayo mengine ataongeza mbele ya safari.

#4 Tahasusi_PCB

Mzee shikamoo. Hapo kwenye "hakuna chuo" pana marekebisho. Makerere walianza shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008. Hapa kwetu MUHAS wanayo, wameunganisha masikio na usemi katika shahada moja, na imo kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu.

Hilo la kuongeza baadaye nalo halikai sawa. Daktari akiongeza anakuwa bingwa wa masikio, pua na koo: anapasua, anaandika dawa. Kukaa na mgonjwa wiki baada ya wiki mpaka neno litoke ni kazi ya mtu mwingine, mwenye mafunzo mengine kabisa.

#5 MzeeWaRaskazone

Marahaba. Haya, vyuo vipo. Hao waliomaliza wako wangapi Tanga? Hoja ya baba yake iko hapo.

#6 MgosiWaLushoto

Watu wa mjini mna haraka ya kusema Tanga hakuna kitu. Tanga yenu inaishia Kange. Pandeni milimani. Huku Lushoto tulikuwa na chuo kikuu cha SEKOMU pale Magamba, ilijulikana kwa shahada ya elimu maalumu. Irente kuna shule ya wasioona, na kuna Irente Rainbow wanaolea watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Mimi nimefundisha watoto wa namna hiyo. Mtoto alikuwa anavuta shati tu akitaka maji, tukaanza kumpa picha, akawa anaonyesha picha, baadaye akaanza "ma", kisha "maji". Hakuna mtu wa koti jeupe aliyekuja.

Kwa hiyo ushauri wangu: asome ualimu wa elimu maalumu. Kazi ni ileile, na shule ziko kila kata.

#7 Tahasusi_PCB

Mgosi, heshima kwa kazi yako, lakini ualimu wa elimu maalumu hautamfikisha kwa bibi wa Makorora. Huyo hayuko shuleni.

#8 MgosiWaLushoto

Na mtu wa Muhimbili hatamfikia mtoto wa Mtae huku milimani. Tuko sawa.

#9 Mtanga_Ohio

Nawasalimu kutoka mbali, mimi mtu wa Ngamiani. Nasoma kozi hii Marekani, niko shahada ya kwanza, nieleze ninachokijua kwa upande wa huku ili mtu asije akauza kiwanja bila kujua.

Huku shahada ya kwanza ya fani hii haikupi leseni. Ukimaliza miaka minne hujawa mtaalamu bado. Lazima uende shahada ya uzamili, upate saa 400 za mafunzo ya vitendo, ambazo 25 ni za kukaa pembeni na kutazama wenzako wakitibu na 375 ni za kumshughulikia mgonjwa mwenyewe, ufanye mtihani wa taifa, kisha ufanye kazi chini ya usimamizi kwa muda ndipo upewe cheti na ASHA, chama chao cha tangu 1925. Anayetaka masikio, yaani odiolojia, anakwenda mpaka shahada ya udaktari wa fani hiyo. Uingereza ni tofauti, shahada ya kwanza inatosha kusajiliwa. Afrika Kusini vilevile, miaka minne, halafu mwaka mmoja wa kuhudumia jamii. Kwa hiyo mtu akikwambia "kasome Marekani ni digrii moja tu", mwambie ahesabu tena.

Darasani ndipo wengi wanaposhtuka. Wanakuja wakidhani ni kozi ya kupenda watoto. Muhula wa kwanza unakutana na mishipa ya fahamu ya kichwani, jozi 12, na unatakiwa ujue upi unaosogeza ulimi, upi unaofunga midomo, upi unaofanya kazi kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni. Kuna fizikia ya sauti: mawimbi, hezi, desibeli. Kuna fonetiki, unasikiliza mtu anaongea na unaandika kila sauti kwa alama za kimataifa, siyo kwa herufi za kawaida. Kuna takwimu. Kuna hatua za mtoto kupata lugha. Na kuna kumeza! Sikujua kabisa kabla sijaja. Mtu wa tiba ya usemi ndiye anayeangalia kama mgonjwa wa kiharusi anaweza kumeza uji bila uji kuingia kwenye njia ya hewa. Ulimi, koo na zoloto vinavyotoa maneno ndivyo vinavyopitisha chakula. Wagonjwa wa kiharusi wanapata nimonia kwa sababu hiyo, na nyumbani watu wanasema "kafa kifua".

Dada, bibi akinywa maji anakohoa? Sauti inakuwa kama yenye maji baada ya kunywa? Kama ndiyo, mwambie daktari.

#10 BintiChumbageni

@Mtanga_Ohio ahsante. Alikuwa anakohoa miezi ya mwanzo, sasa hapana.

#11 UstadhWaDuga

Assalaam alaykum. Nimesoma bandiko #9 nikatabasamu. Hiyo fonetiki mnayoilipia ada, watoto wa madrasa wa Tanga wanaisoma bure wakiwa na miaka saba. Tunaita makharij. Mtoto anafundishwa haa inatoka katikati ya koo, qaf inatoka mwisho wa ulimi kule ndani, dhad kwenye ubavu wa ulimi ukigusa magego. Kwa hesabu inayofundishwa sana, makharij ni 17. Mwalimu anamshika mtoto kidevu, anamwonyesha mdomo, anarudia naye mpaka sauti ikae mahali pake. Akishindwa leo anarudi kesho.

Na kigugumizi kiko ndani ya Qur'ani. Nabii Musa (a.s.) aliomba katika Sura Taha, afunguliwe fundo la ulimi wake wapate kufahamu kauli yake. Kwa hiyo baba yako asiseme ni jambo dogo. Mtume mzima aliliombea dua.

Qasida ya bibi: kilichohifadhiwa moyoni hakifutwi na maradhi ya kichwa. Hayo ndiyo maelezo yangu.

#12 DadaWaOdio

Nimeusoma uzi wote na nimeona nijitokeze. Niko mwaka wa tatu wa kozi hii, chuo nisikitaje, mtu wa Pongwe.

Ustadh, umesema jambo ambalo mimi nimeliona darasani. Siku ya kwanza ya fonetiki mwalimu aliuliza nani anajua sauti ya kikoromeo inatokea wapi, walionyoosha mikono ni sisi tuliopita chuoni kwa maalim. Ila kuna tofauti. Maalim anataka sauti iwe sahihi. Sisi tunatakiwa kwanza tujue *kwa nini* haiwi sahihi. Mtoto anayesema "tata" badala ya "kaka" anaweza kuwa hasikii vizuri, anaweza kuwa na kaakaa lenye mwanya, anaweza kuwa bado mdogo tu na atajirekebisha, au ubongo unashindwa kupanga mwendo wa ulimi ingawa ulimi hauna tatizo. Njia nne, matibabu manne. Ukimrudisharudisha neno bila kujua yuko njia ipi, unamchosha.

Ndiyo maana masikio yamewekwa pamoja na usemi. Mtoto akiletwa kwa kuchelewa kusema, kitu cha kwanza ni masikio. Tunatumia mashine inayopeleka sauti ndogo sikioni na kusikiliza kama sikio lenyewe linarudisha mwangwi. Mtoto hata akiwa amelala inapima. Kuna watoto ambao familia ilishahama mganga hadi mganga, kumbe masikio yalijaa usaha tangu wakiwa wadogo. Wengine wameharibiwa na homa ya uti wa mgongo, wengine na manjano ya utotoni yaliyopanda sana, wengine na sindano za jentamaisini, dawa ya kuua bakteria. WHO wanasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto ungeweza kuzuilika.

Kuhusu qasida, dada, hilo tumelisoma. Mwaka 1861 daktari wa Paris anaitwa Broca alikuwa na mgonjwa aliyebaki na tamko moja tu, "tan". Alipokufa wakamfungua kichwa, wakakuta sehemu ya mbele ya ubongo wa kushoto imeharibika. Lugha kwa watu wengi inakaa kushoto, ndiyo maana kiharusi kinacholegeza mwili upande wa kulia, kama cha bibi, mara nyingi kinagusa maneno. Muziki unashirikisha sana upande wa kulia, ambao kwa bibi ni mzima. Huko Boston mwaka 1973 wakatengeneza tiba kwa kufuata hilo: mgonjwa anaimba sentensi fupi huku akigongagonga mkono wa kushoto, kidogokidogo uimbaji unapunguzwa mpaka unabaki usemi.

#13 MgosiWaLushoto

"Tan"! Huyo mgonjwa alikuwa anaulizia basi la kurudi nyumbani. Tanga kunani jamani, mpaka Paris tumetajwa.

#14 Mtanga_Ohio

😂😂 Mgosi.

@DadaWaOdio, habari ya upande wa kulia imetiliwa shaka. Watafiti wa Ujerumani mwaka 2011 walichukua wagonjwa wa aina hiyo wakawapima kwa kuimba na kwa kusema kwa mdundo. Kuimba kwenyewe hakukuzidi. Kilichosaidia ni mdundo na maneno yaliyozoeleka. Qasida bibi kaiimba tangu usichana wake, haiundi upya, inatoka yenyewe kama mtu anavyohesabu moja mbili tatu. Ukimpa qasida mpya ambayo hajawahi kuisikia, nadhani atakwama.

#15 DadaWaOdio

Nakubali mdundo una nafasi, lakini wapo waliofanyiwa tiba ile ya kuimba na wakapata sentensi mpya, si zile za kukariri tu. Mjadala haujafungwa. Mwalimu wetu mwenyewe alituambia tusome pande zote mbili.

#16 Mwl_Muheza

Mimi si mtu wa tiba, ila nina la kwangu. Kwenye maulidi bibi hakuwa peke yake. Wanawake kumi wanaimba, anafuata midomo yao. Kesho yake mnamkalisha mtu mmoja mbele yake: "Bibi, hiki nini?" Ni mtihani huo! Hata mimi mzima ukinikazia macho na kikombe mkononi nitasahau. Jaribuni kukaa naye bila kumpima.

#17 BintiChumbageni

Mwalimu hapo umenigusa. Kila mgeni akija lazima mtu aseme "bibi sema maji". Nitawaambia waache.

#18 FundiSimu_Ngamiani

Wakuu samahani, natoka kidogo kwenye mada. Mtoto wa dada yangu ana miaka mitatu, anasema "baba" na "nyam" basi. Mama mkwe wake anataka apelekwe kukatwa kimeo, anasema kimeo kirefu ndicho kinazuia maneno. Wengine wanasema simu, kwa sababu katuni anaangalia kutwa. Dada hajui amfuate nani.

#19 DadaWaOdio

Asikatwe kimeo! Nawaomba. Kile kinyama kinachoning'inia kooni hakihusiani kabisa na mtoto kuanza kusema. Wanakata kwa vifaa visivyo safi, watoto wanavuja damu, wanapata maambukizi, na mkataji akigusa kaakaa laini mtoto anaweza kubaki anaongelea puani. Hapo amepata tatizo la usemi ambalo hakuwa nalo.

Miaka miwili mtoto tunamtarajia awe na maneno kama 50 na aanze kuunganisha mawili: "mama njoo", "taka maji". Miaka mitatu na maneno mawili ni sababu ya kwenda hospitali wiki hii, wala si kusubiri. Aanze na masikio. Halafu waangalie: ukimwita anageuka? Anakuonyesha kitu kwa kidole ili na wewe ukione? Anaigiza, kama kumlisha mwanasesere?

#20 FundiSimu_Ngamiani

Akiitwa hageuki. Lakini tangazo la kwenye televisheni likianza hata akiwa uani anakuja mbio.

#21 DadaWaOdio

Basi hilo mwambieni daktari kwa maneno hayohayo. Apimwe hivyohivyo, kwa sababu kuna mtoto anayesikia ngoma na mziki mzito lakini hasikii sauti nyembamba kama *s* na *f*. Siwezi kusema ni nini nikiwa hapa kwenye simu.

#22 MamaPacha

Simu ndiyo tatizo, msizunguke. Watoto wa zamani walikuwa barazani na bibi, wanasimuliwa hadithi, wanategewa vitendawili. Sasa mtoto anapewa kioo ili mama apike.

#23 Tahasusi_PCB

MamaPacha, wangu anaangalia sana na anaongea kuliko mimi. Si simu peke yake.

#24 Mwl_Muheza

Shuleni kwangu tatizo naliona ni lugha mbili. Mtoto nyumbani Kibondei au Kidigo, shuleni Kiswahili, na siku hizi wazazi wanalazimisha Kiingereza cha chekechea. Anachanganyikiwa, ananyamaza.

#25 Mtanga_Ohio

Mwalimu, hapo na mimi nitapinga. Kukua na lugha mbili hakumpi mtoto ugonjwa wa lugha. Mwenye tatizo la kweli atalionyesha katika lugha zote mbili. Anaweza kuchanganya maneno, anaweza kuwa na maneno machache katika kila moja, ukiyajumlisha yanatosha. Wazazi wakiambiwa "acheni Kidigo", mtoto anatenganishwa na bibi yake aliyekuwa anaongea naye kuliko mtu yeyote.

#26 Mwl_Muheza

Mimi nasema ninachokiona darasani.

#27 DadaWaOdio

Na hapo ndipo penye kazi ambayo mimi naitaka nikimaliza, na ndiyo sababu kubwa ya kumwambia mdogo wake BintiChumbageni aje.

Vipimo vingi tunavyofundishiwa vimetengenezwa kwa Kiingereza. Picha ya mtu anakokota theluji, mtoto wa Pangani aseme ni nini? Ukisema utafsiri, hutafika mbali. Kiingereza wanapima kama mtoto anaweka *s* ya wingi mwisho wa neno. Sisi wingi uko mwanzoni, na unabadilika na ngeli, na unarudi kwenye kivumishi na kwenye kitenzi: *vikombe vyangu vimevunjika*. Neno moja letu, *hatutawapikia*, ndani yake mna kukanusha, nani, lini, kwa nani. Watoto wadogo wa Kiswahili wanadondosha viambishi vya mwanzo, anasema "taka" akimaanisha "nataka", na ni kawaida kwa umri fulani. Kwa umri gani inaacha kuwa kawaida? Kwa ngeli ipi anachelewa zaidi? Hayo anayepaswa kuyakusanya ni mtu anayesikia Kiswahili tangu tumboni.

Na kuna lahaja. Mtu wa bara akisema "selasini" na "zahabu" si mgonjwa, kwao *th* na *dh* hazipo. Mtu wa Tanga mjini mwenye kithembe anayeishi kati ya watu wanaotamka "thelathini" sawasawa, huyo ni habari nyingine. Mtaalamu kutoka nje atawaandika wote wawili kwenye fomu moja.

#28 UstadhWaDuga

Allah akuzidishie. Bandiko hili lichapwe libandikwe ubaoni.

#29 MzeeWaRaskazone

Nimewasoma kwa utulivu. Mnasema vizuri sana kuhusu elimu, ila ajira mmeikwepa. Mimi nimefanya kazi serikalini. Mtu anaajiriwa kwa nafasi, na nafasi lazima iwe kwenye ikama, ile orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa. Hospitali ya mkoa isipoomba mtu wa usemi, haletwi. Haombwi kwa sababu hakuna anayejua kuwa yupo. Hajulikani kwa sababu hajawahi kuletwa. Binti atamaliza, atakaa nyumbani akisubiri tangazo.

#30 Tahasusi_PCB

Mzee hoja yako ni nzito. Lakini tazama Muhimbili: 2017 walianza kupandikiza vifaa vya usikivu kwenye koklea, sehemu ya ndani ya sikio, hapa nchini, zamani watoto walipelekwa India. Mtoto akishapandikizwa haongei kesho yake, anahitaji miaka ya kufundishwa kusikiliza na kusema. Hospitali ya CCBRT wanashona midomo wazi na makaakaa, baada ya kushona nani anamfundisha mtoto kupeleka hewa mdomoni badala ya puani? Kila upasuaji wa namna hiyo unazaa kazi ya huyu mtu.

#31 MzeeWaRaskazone

Yote uliyotaja yako Dar.

#32 MgosiWaLushoto

Mzee kaua hapo.

#33 DerevaWaKorogwe

Mimi naona tatizo si ikama. Ni sisi. Mtu akivunjika mguu anabebwa hospitali usiku huohuo. Mtoto asiposema tunasema "atasema tu, hata baba yake alichelewa". Mwenye kigugumizi tunamcheka. Mimi nina kigugumizi tangu utoto, nilipigwa shuleni nikiambiwa najidai, bibi akaniambia nilitekenywa sana nikiwa mchanga. Mpaka leo abiria akiniuliza nauli naonyesha vidole. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia kuna wataalamu wa jambo hili. Nimejua leo, kwenye uzi huu.

#34 Mtanga_Ohio

Kaka Dereva, pole kwa hayo. Kutekenywa hakuhusiki wala kupigwa hakutibu. Kigugumizi kinakwenda sana ndani ya familia, na mwaka 2010 walipata jeni za kwanza zinazohusika. Watoto karibu watano katika mia wanapita hapo, wengi kinaondoka, inabaki kama asilimia moja kwa watu wazima, wanaume wengi kuliko wanawake. Kuanza kutibiwa mapema kunasaidia sana. Kwa mtu mzima kuna mbinu za kulegeza neno linapokwama, na kazi kubwa ni kuacha kukimbia maneno. Wenzetu wameweka tarehe 22 Oktoba kuwa siku ya kigugumizi duniani.

#35 DerevaWaKorogwe

Kuacha kukimbia maneno. Umejuaje kwamba tunakimbia? Kuna kituo sikitaji jina lake, nasema "pale mbele".

#36 DadaWaOdio

Karibu inbox kaka, nitakuunganisha na mwalimu wetu.

#37 MamaPacha

Mimi nimebadili mawazo kuhusu kozi, si kuhusu simu. Mapacha wangu wana lugha yao wenyewe hakuna anayewaelewa, naona nao nitawapeleka kupimwa masikio.

#38 Tahasusi_PCB

BintiChumbageni, la vitendo: aangalie alama za kuingia kwenye mwongozo wa TCU wa mwaka huu, zinabadilika, asitegemee wa mwaka jana. Aweke chaguo la pili na la tatu karibu na hapo, fiziotherapia au tiba kwa vitendo, yote ni urekebishaji. Fomu ya mkopo ya HESLB ajaze mapema na cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa RITA.

#39 MgosiWaLushoto

Na elimu maalumu iwe la nne. Sijaondoa hoja yangu. Huyo binti akimaliza atakuwa mmoja, walimu tuko wengi. Akitufundisha sisi mambo matatu ya kuangalia kwa mtoto, mkoa mzima umefikiwa.

#40 DadaWaOdio

Mgosi, hilo ndilo wanalotufundisha mwaka huu! Huwezi kumfikia kila mtu, unamfundisha mama, mwalimu, mhudumu wa afya wa kijiji. Ila ili ufundishe lazima kwanza awepo anayejua.

#41 BintiChumbageni

Nimemsomea baba bandiko #12, #27 na #33. La #33 alilisikiliza mara mbili. Hajasema ndiyo. Ameuliza kitu kimoja, daraja la mshahara wa kuanzia ni lipi kwa hao wa kozi hii, na kama halmashauri wanaajiri au ni hospitali za rufaa tu. Mwenye kujua aweke hapa. @DadaWaOdio nimekutumia ujumbe, baba anaweza kukupigia jioni.

#42 MzeeWaRaskazone

Swali zuri. Nami nasubiri jibu lake.

#43 Kange_Stendi

Jamani na mimi niulize kabla uzi haujapoa. Napiga debe stendi, sauti imekauka tangu mwezi mtukufu, asubuhi haitoki kabisa. Natumia tangawizi na asali. Hii nayo ni kazi yao hao?

#44 DadaWaOdio

Ni yetu, lakini kwanza daktari wa koo akuangalie ndani. Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu bila mafua haitibiwi kwa kubahatisha. Mara nyingi kwa watu wa kazi yako, walimu na waimbaji wa taarabu, ni vinundu kwenye nyuzi za sauti, na mazoezi yanasaidia. Lakini kuna mengine mabaya zaidi ambayo lazima yaondolewe kwenye orodha. Unavuta sigara?

#45 Kange_Stendi

Navuta.

#46 DadaWaOdio

Nenda hospitali ya Bombo Jumatatu asubuhi, usisubiri wiki nyingine.